Chanjo Ikikuumiza, Nani Analipa?

Kuna swali ukiuliza siku hizi unawekwa kwa kambi kabla hujamaliza sentensi: mtu akidungwa chanjo na imuumize kweli, nani anamlipa? Upande mmoja unakuita mpinga chanjo. Upande mwingine unakukumbatia ukidhani umeamka, na dakika mbili baadaye unatumiwa video ya jamaa anasema sindano zina kifaa cha kufuatilia watu. Kambi zote mbili zimeruka historia. Hili swali liliulizwa kitambo na majaji, wabunge na wazazi wa kawaida waliokuwa wamepeleka watoto wao kliniki kwa hiari yao. Wakalijibu, vibaya mahali na vizuri mahali. Sisi huku ndio bado tunalikaushia.

Tuelewane kwanza. Chanjo zinafanya kazi. Ndui iliua watu kwa karne nyingi, na mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida duniani alikuwa hapa jirani, Merka, Somalia, mwaka 1977. Baada ya hapo, kwisha. Lakini kitu chenye nguvu ya kubadilisha mwili wako kinaweza pia, mara moja moja sana, kuukosea. Daktari yeyote mwaminifu atakuambia hivyo. Swali la fidia linaanzia hapo.

Sasa twende Marekani, 1955.

Aprili 12 mwaka huo, kule Ann Arbor, Michigan, ilitangazwa kwamba chanjo ya polio ya Jonas Salk imefaulu. Lazima uelewe hiyo siku. Mwaka 1952 pekee Marekani ilikuwa imepata wagonjwa karibu 58,000 wa polio. Wazazi walikuwa wanaogopa kupeleka watoto kuogelea, kwenda sinema, hata kucheza na majirani. Tangazo lilipotoka, kengele za makanisa zililia na watu wakalia barabarani. Leseni za kutengeneza chanjo zilitiwa saini siku hiyo hiyo. Yaani saa chache tu baadaye.

Chanjo ya Salk inatengenezwa kwa kuchukua virusi vya polio na kuviua kwa fomalini, ndio mwili uvione na kujifunza kupigana navyo bila kuugua. Kampuni moja ya Berkeley, California, Cutter Laboratories, haikuviua vyote. Baadhi ya chupa zake zilitoka zikiwa na virusi hai. Watoto waliopelekwa kukingwa polio wakadungwa polio yenyewe. Takriban 40,000 walipata ugonjwa kwa njia nyepesi. Karibu 200 walipooza, wengine wakiwa hata hawakudungwa, waliambukizwa tu na mtoto wa nyumbani au wa jirani. Watu 10 walikufa.

Na manze, kuna mtu alikuwa ameona mapema. Bernice Eddy, mwanasayansi wa serikali, alikuwa anapima chanjo hizo kwa nyani mwaka 1954. Baadhi ya nyani waliopata chanjo ya Cutter wakapooza. Akawaambia wakubwa wake. Wakubwa wakaendelea na mipango yao.

Aprili 27 Cutter ikaondoa chanjo yake, na Mei kampeni nzima ikasimamishwa kwa muda ili watu wajipange upya. Ukaguzi ukakazwa, chanjo ikarudi, na polio ikashuka sana. Hiyo ndiyo sehemu watu wa afya wanapenda kusimulia, na ni kweli. Lakini kulikuwa na watoto waliobaki na miguu isiyofanya kazi, na bili za hospitali juu yake.

Familia mbili zikaenda mahakamani California, na wakili wao alikuwa Melvin Belli, mtu wa makelele na akili nyingi. Uamuzi ulitoka mwaka 1958. Baraza la wazee wa mahakama lilisema kitu ambacho kilibadilisha kila kitu: Cutter haikuwa na uzembe, kwa sababu ilifuata maelekezo na vipimo ambavyo serikali ilikuwa imekubali wakati huo. Lakini ilipe hata hivyo. Kwa nini? Kwa sababu ukiuza kitu na kukiita kinga ya polio, umetoa dhamana, hata kama hujaitamka, kwamba hicho kitu hakitampa mtoto polio. Wakaamuru $147,300 kwa wale watoto wawili, na rufaa ya 1960 ikakubaliana nao.

Fikiria uzito wa hiyo. Kampuni imefuata sheria na bado inalipa. Kwa mzazi, hiyo ni haki tupu. Kwa mtengenezaji wa chanjo ni ngori, kwa sababu sasa hata akifanya kila kitu sawa bado anaweza kufilisika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo na kuvuka bahari, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamelifikia hilo swali kupitia mlango mwingine. Kwao chanjo ya ndui ilikuwa lazima kisheria. Mwaka 1937 mahakama kuu ya enzi hiyo ilikataa kumlipa mtu aliyeumizwa nayo. Mwaka 1953, baada ya vita, mahakama kuu mpya ikageuza. Ilishika kanuni ya zamani ya Prussia, ya mwaka 1794, inayosema kwamba mtu akilazimishwa kutoa haki yake kwa ajili ya faida ya wote, dola lazima imfidie. Zamani kanuni hiyo ilikuwa ya mambo kama mashamba: serikali ikipitisha barabara kwako, inakulipa. Majaji wakauliza, kama tunamlipa mtu kwa shamba, tutakosaje kumlipa kwa mwili wake? Mwaka 1961 jambo hilo likaingia kwenye sheria ya magonjwa ya kuambukiza ya Ujerumani Magharibi.

Mimi naona hapo ndipo pana jibu lote. Ukiangalia kwa jicho la Cutter, unatafuta nani alikosea. Ukiangalia kwa jicho la Wajerumani, huhitaji mkosaji. Mtoto mmoja ameumia ili watoto milioni moja wasiumie, basi wale milioni moja wachange. Kwetu tunaita harambee, na hakuna anayeulizwa kwanza nani alisababisha msiba.

Marekani hawakulishika hilo haraka. Walipitia moto kwanza.

Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu ya $200,000 dhidi ya kampuni ya Wyeth, kwa sababu mzazi wa Texas hakuwa ameonywa kwamba chanjo ya polio ya matone, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kwa nadra sana kupoozesha. Mwaka 1976 serikali ikaogopa homa ya nguruwe na kutaka kuchanja taifa zima. Kampuni za bima zikasema hazigusi hiyo hatari. Bunge likapitisha sheria ya haraka kwamba anayetaka kushtaki ashtaki serikali yenyewe. Watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa, homa yenyewe haikuja, na wachache wakapata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili inashambulia neva. Kampeni ikafungwa Desemba, na madai takriban 4,000 yakaanza kumiminika kwa serikali.

Halafu ikaja ya kifaduro. Chanjo ya zamani ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ilikuwa kali: homa, uvimbe, mtoto analia usiku kucha. Mwaka 1982 kituo kimoja cha televisheni cha Washington kilirusha kipindi kilichodai kwamba sehemu ya kifaduro inaharibu ubongo wa watoto. Simu zikalia. Wazazi wengine waliotazama wakaanza kutafutana, wakaunda kikundi, wakakipa jina ambalo herufi zake za kwanza kwa Kiingereza ni DPT, zile zile za chanjo. Jina lilimaanisha wazazi wasioridhika, pamoja. Kwa kupachika majina, hao walikuwa juu.

Kesi zikajaa mahakamani. Watengenezaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, hadi kuna wakati mwishoni mwa 1984 Marekani ilikuwa inategemea kampuni moja tu kwa chanjo hiyo, na madaktari wakaambiwa waahirishe dozi za nyongeza ili zile chache zitoshe watoto wadogo. Bei iliyokuwa senti kadhaa ikapanda hadi zaidi ya $11 kwa dozi kufikia 1986, na sehemu kubwa ya hiyo pesa ilikuwa akiba ya kulipia kesi.

Na usifikiri wazazi walikuwa wanashinda. Ilikuwa kama bahati nasibu. Mmoja mwenye wakili mzuri anapata mamilioni, mwenzake mwenye mtoto wa hali ile ile anapoteza kesi baada ya miaka mingi na anabaki na deni.

Kwa hivyo wakaketi mezani watu ambao leo huwezi kuwaweka chumba kimoja: wale wazazi, madaktari wa watoto, na mbunge Henry Waxman wa California, huku kampuni zikisukuma mambo yao pembeni. Sheria ikatoka, Rais Reagan akaitia saini Novemba 14, 1986, na mfuko ukaanza kazi Oktoba 1988.

Unafanya kazi hivi. Kila dozi ya chanjo inayouzwa inakatwa ushuru wa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga. Hiyo pesa inaenda kwa mfuko mmoja. Mtu akiumia hashtaki kampuni kwanza, anapeleka dai dhidi ya serikali kwa mahakimu maalum huko Washington. Kuna jedwali: chanjo hii, madhara haya, ndani ya muda huu. Kwa mfano mzio mkali uliotokea saa chache baada ya sindano. Ukiwa ndani ya jedwali, huhitaji kuthibitisha chochote kuhusu uzembe, wanachukulia ni chanjo isipokuwa serikali ionyeshe sababu nyingine. Ukiwa nje ya jedwali, unaleta ushahidi wako. Wakili wako analipwa na mfuko hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Hadi leo mfuko umelipa zaidi ya dola bilioni 5. Ukigawanya kwa idadi ya dozi zilizotolewa, serikali yao inahesabu kwamba ni kama mtu mmoja anayelipwa kwa kila dozi milioni moja.

Wapinga chanjo wanapenda kutaja hizo bilioni 5 na kusahau hiyo milioni moja. Watetezi nao wanataja milioni moja na kusahau kwamba yule mmoja ana jina na ana mama.

Mfuko wenyewe si malaika. Fidia ya kifo iliwekwa $250,000 mwaka 1986 na imebaki $250,000, kama bei ya unga haijawahi kupanda. Una miaka 3 tu kuleta dai tangu dalili ya kwanza. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilisema huwezi tena kuishtaki kampuni kwamba ilibuni chanjo vibaya, hata kama kulikuwa na njia salama zaidi, na hapo mimi naona walizidisha kuwalinda. Na chanjo za korona hawakuziweka kwa mfuko huu. Waliziweka kwa mwingine wa dharura, wenye muda wa mwaka mmoja wa kudai, usio na hakimu, usiolipia wakili. Maelfu waliomba, waliolipwa ni wachache mno. Siku hizi hata Robert F. Kennedy Jr., waziri wao wa afya, anasema mfumo umeharibika. Ningemwamini zaidi kama hangekuwa ametumia miaka mingi kuwatisha watu kuhusu chanjo zenyewe.

Kuna kitu kingine cha hiyo historia ambacho hakiko raha kwa kambi yoyote. Mwaka 2006 wanasayansi wa Australia walipima watoto 14 ambao ilidaiwa ubongo wao uliharibiwa na chanjo ya kifaduro. Kati yao 11 walikuwa na hitilafu ya jeni moja inayosababisha kifafa kikali, ambacho kingekuja tu. Homa ya chanjo pengine iliwasha shambulio la kwanza, lakini ugonjwa ulikuwa tayari ndani. Kwa hivyo familia nyingine zilizolipwa miaka ya themanini na tisini huenda zililipwa kwa kitu ambacho chanjo haikufanya. Mfuko haukulipa kila kitu bila kufikiri, ebu kumbuka: familia zaidi ya 5,000 zilidai chanjo ziliwapa watoto wao usonji, kesi za mfano zikasikizwa kwa miaka, na kuanzia 2009 mahakimu wakazikataa kwa sababu ushahidi haukuwepo. Lakini kwenye giza, sheria ilichagua kukosea upande wa mtoto. Mimi sioni hasara hapo. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa ambaye alipata pesa ya matibabu kimakosa hanisumbui usiku.

Sasa njoo nyumbani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu nchi zenye mfumo wa kufidia majeraha ya chanjo bila kutafuta wa kulaumiwa. Kati ya nchi 194 wanachama wa Shirika la Afya Duniani, zilikuwa 25. Afrika nzima, sufuri.

Halafu korona ikaja. Machi 2021 ndege ikatua JKIA na dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, zilizotengenezwa India, kupitia mpango wa COVAX. Picha zikapigwa. Kitu ambacho hakikupigwa picha ni kwamba ili kupata chanjo kupitia COVAX, nchi ilibidi ikubali kuzikinga kampuni na gharama za kesi. Sitalaumu sana, hakuna nchi maskini ilikuwa na nguvu ya kubishana wakati watu wanakufa. Kwa kubadilishana, COVAX ikaanzisha mfuko wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo. Hebu niulize: uliwahi kusikia? Uliwahi kuona bango lake pale ulipodungwa? Dai lilikuwa linajazwa kwa tovuti, na fomu ya daktari. Afrika Kusini ilianzisha wake yenyewe Aprili mwaka huo. Sisi tulitegemea ule wa wafadhili.

Na hesabu yake ilikuwa hivi: pato la wastani la mtu mmoja wa nchi yako kwa mwaka, mara 12, mara kipimo cha ukubwa wa madhara. Pato letu la wastani ni kama $2,000. Chukua kipimo kuwa 1 tu ili hesabu iwe rahisi: $24,000. Kwa ubadilishaji wa 2021 hiyo ilikuwa kama shilingi milioni mbili na nusu.

Uingereza nao walidungwa AstraZeneca, chanjo ile ile, na kwa nadra sana ikaleta damu kuganda vibaya, jambo ambalo kampuni yenyewe ilikubali kwenye hati ya mahakama mwaka 2024 kwamba linaweza kutokea. Uingereza ina malipo yake tangu 1979, yaliyopiganiwa na wazazi wakiongozwa na Rosemary Fox na mbunge Jack Ashley. Kiwango sasa ni £120,000 kwa mtu aliyepata ulemavu wa asilimia 60 au zaidi. Watu wao wanalalamika ni kidogo, na asilimia 60 ni ukuta mrefu, na wako sawa. Lakini weka hizo namba mbili kando kwa kando. Chanjo ni ile ile, ganzi ya mkono ni ile ile, ila mwili wa Mkenya ulipigiwa hesabu kwa pasipoti.

Na huo mfuko ulikuwa wa korona tu, na wa muda. Zile chanjo za kila siku, za BCG, polio, surua, ambazo watoto wetu wamekuwa wakipewa tangu mpango wa taifa uanze 1980, hazimo. Mtoto akiumizwa na moja ya hizo leo, njia ya mzazi ni mahakama ya kawaida. Athibitishe uzembe, yaani arudi pale Cutter ilipoponea. Atafute daktari wa kusimama kizimbani dhidi ya daktari mwenzake. Na akiwa anashtaki serikali kwa kosa kama hilo, sheria yetu inampa miezi 12. Mama wa Kayole mwenye mtoto ICU atajua hilo kweli? Katiba kipengele cha 43 kinampa haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa, ni maneno matamu, lakini hakina fomu ya kujaza.

Najua hoja ya wakubwa, kwamba tukianza kuongea fidia tutawatisha watu. Kwani sasa hawajatishika? Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walisema chanjo ya pepopunda iliyokuwa inapewa wanawake ina homoni ya kuzuia mimba. WHO na Unicef wakakana, maabara zikavutana, na hadi leo kuna watu wanaamini. Hiyo hofu haikuletwa na mfuko wa fidia, kwa sababu hakukuwa na mfuko. Mtu anayejua kwamba kitu kikiharibika kuna dirisha la kwenda, lenye jedwali na tarehe na jina la ofisa, hahitaji kuamini uvumi ili asikizwe.

Hoja nyingine ni pesa. Lakini madhara makubwa ni nadra, na ndio maana mfuko unawezekana: shilingi chache zikikatwa kwa kila dozi zinajaza kitu taratibu. Chanjo zetu nyingi zinalipiwa kwa msaada wa Gavi, na Gavi imekuwa ikijiondoa pole pole kwa nchi ambazo kipato kimepanda, kwa hivyo ni wakati mzuri wa kuandika sheria kabla bili yote haijawa yetu. Na kabla mtu aseme hii ni anasa ya matajiri, rudi kwa ile orodha ya nchi 25. Vietnam imo. Nepal imo.